Kupiga Picha Forodhani Usiku

Huenda una simu yenye kamera, au mwanao anayo. Mchana unapiga picha ya shamba, ya ng'ombe, ya harusi, na picha inatoka safi. Usiku mambo hubadilika. Unapiga picha na unapata giza lenye vidoa vya taa. Au unapata picha iliyotikisika, mtu mmoja ana pua tatu. Basi unasema kamera ni mbovu. Mara nyingi kamera ni nzima. Kazi ya usiku ina njia zake, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzijua.

Ili tusizungumze hewani, tutachukua mahali pamoja tu. Mahali hapo ni Forodhani, ufuko wa Mji Mkongwe wa Unguja. Wengine wenu mtafika huko siku moja, kwa ziara ya shule, kwa biashara, au kwa kumtembelea ndugu. Asiyefika atatumia mafunzo haya kwake: Bagamoyo, Kilwa, Ujiji, au hata diko la kijiji chake, pale wavuvi wanapopakua samaki kwa mwanga wa taa.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Jina Forodhani latokana na neno forodha. Zamani mizigo iliyoshuka kutoka vyomboni ililipiwa ushuru hapo. Leo ni bustani kando ya bahari. Ukisimama kwenye ukuta wa bahari na kuyapa maji mgongo, utaona majengo makubwa mbele yako. Mkono wako wa kulia ni Ngome Kongwe. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Katikati ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Mkono wa kushoto ni Kasri, ambalo lilifanywa makumbusho mwaka 1994. Ukifuata barabara ya Mizingani upande huo wa kushoto utafika kwenye mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911, watu hupaita Mtini. Mbele kidogo kuna Dispensari ya Zamani yenye baraza za mbao zilizochongwa vizuri mno. Jiwe la msingi la jengo hilo liliwekwa mwaka 1887, kwa fedha za tajiri Tharia Topan.

Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

PICHA NI USHAHIDI

Labda utauliza, kwa nini mtu ajisumbue kupiga picha ya majengo? Majengo yapo, kila mtu anayaona. Hebu tutazame historia ya Beit al-Ajaib.

Jengo hili lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Lilikuwa na baraza pana kuzunguka kila ghorofa, na baraza hizo zilishikwa na nguzo ndefu za chuma. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kupata taa za umeme, na liliwekewa lifti. Mbele yake palikuwa na mnara wa taa uliosimama peke yake karibu na maji.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga ufuko huu. Waingereza hawakumtaka Khalid bin Barghash, ambaye alikuwa ameshika kiti cha usultani. Vita vilidumu dakika 40 hivi. Upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la Beit al-Hukm, lililokuwa jirani na Beit al-Ajaib, liliharibiwa na halikujengwa tena. Ule mnara wa taa nao uliharibika. Baadaye ukajengwa mnara mpya wa saa, huu ukiungana na Beit al-Ajaib yenyewe kwa mbele.

Sasa fikiri. Hakuna mtu aliye hai leo aliyeuona ule mnara wa kwanza. Lakini tunajua ulivyokuwa. Tunajua ulivyosimama, na tunajua ulivyoonekana baada ya kupigwa mizinga. Tunajua kwa sababu watu waliupiga picha. Kamera za siku hizo zilikuwa masanduku mazito ya mbao, na picha ilishikwa kwenye kipande cha kioo. Mpiga picha mmoja aliyejulikana sana Unguja wakati huo ni A. C. Gomes. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, katika Mji Mkongwe. Picha za watu kama hao leo ni hazina ya nchi. Picha nyingi za zamani zimewekwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar.

Mnara wa pili nao, ule wa saa, ulisimama zaidi ya miaka 120. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati jengo likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Mnara wa saa ulianguka pamoja nayo. Watu wawili walikufa.

Jioni ya tarehe 24 mtu yeyote aliyekuwa Forodhani na simu mfukoni angeweza kupiga picha ya mnara ule. Jioni ya tarehe 25 hakuna aliyeweza. Aliyekuwa nayo, anayo. Fundi anayetaka kurudisha baraza kama ilivyokuwa anahitaji kujua nguzo zilisimama wapi, na ukingo ulikatwaje. Picha humwambia mambo ambayo kumbukumbu ya mtu haiwezi kumwambia.

Ni kweli kwamba fundi atapenda zaidi picha ya mchana, maana inaonyesha kila ufa. Lakini mji hauishi mchana tu. Usiku Forodhani ni mahali pengine kabisa. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009 kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Jua likizama, meza zinapangwa. Kuna pweza, mishkaki, urojo, na miwa inakamuliwa mbele yako. Wazee wanakaa barazani na kahawa. Vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani kwa mtindo wanaouita makachu. Ukimwonyesha mjukuu wako picha ya jengo tupu la mchana, hatajua hayo yote. Picha ya usiku itamwambia.

DEBE NA BOMBA

Sasa tuingie kwenye kazi. Kamera haioni kama jicho lako. Inakusanya mwanga. Fikiri juu ya debe linalowekwa chini ya bomba la maji. Ili picha iwe nzuri, debe lazima lijae barabara. Likijaa nusu, picha ni giza. Likifurika, picha inakuwa nyeupe kama chokaa.

Mchana bomba linatoka kwa nguvu. Debe linajaa mara moja, hata kabla hujapepesa jicho. Usiku bomba linatoa matone tu. Je, utafanya nini? Unaacha debe chini ya bomba kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo siri kubwa ya picha za usiku. Kijimlango cha kamera, ambacho mchana hufunguka na kufungika kwa sehemu ndogo ya sekunde, usiku hukaa wazi kwa sekunde 4, au 8, au 15.

Lakini kuna sharti. Kwa sekunde zote hizo kamera isitikisike hata kidogo. Mkono wa binadamu hauwezi kutulia hivyo, hata mkono wa fundi saa. Moyo ukipiga, mkono unacheza. Kwa hiyo kamera lazima iwekwe juu ya kitu.

Wapiga picha wenye uwezo hununua stendi ya miguu mitatu. Ni kitu kizuri. Lakini usikae nyumbani kwa sababu huna stendi. Forodhani kuna ukuta wa bahari, ni jiwe, hautikisiki. Chukua mfuko mdogo wa nguo, utie mchanga au mchele kilo moja hivi, uufunge. Weka mfuko juu ya ukuta, kisha laza kamera au simu juu ya mfuko. Mfuko utaifuata kamera na kuishika kama yai katika kiota. Funga kamba ya kamera mkononi mwako, maana upande wa pili wa ukuta ni bahari. Simu ikienda huko, hairudi.

Bado kuna jambo moja. Ukibonyeza kitufe, kidole chako chenyewe kinaitikisa kamera. Dawa yake ipo. Karibu kila kamera na kila simu ina saa ya kuchelewesha. Unaiweka sekunde 2 au 10, unabonyeza, unaondoa mkono, na kamera inapiga yenyewe. Kama upepo ni mkali, simama upande unaotoka upepo, mwili wako uwe ukuta.

Flashi je? Izime. Flashi ni taa ndogo, mwanga wake hufika hatua chache tu. Beit al-Ajaib haiwezi kumulikwa na flashi ya simu, kama vile huwezi kumulika mlima kwa kiberiti. Utakachomulika ni vumbi lililo mbele ya kamera na mgongo wa mtu aliyesimama karibu nawe, ambaye atageuka na kukutazama vibaya.

NAMBA ZA KUANZIA

Kama kamera yako inakuruhusu kuchagua namba mwenyewe, kuna namba tatu za kujua.

Ya kwanza ni muda, nao tumekwisha kuueleza. Ukiongeza muda mara mbili, mwanga nao huongezeka mara mbili. Sekunde 8 huingiza mwanga mara mbili ya sekunde 4.

Ya pili ni ukubwa wa tundu ambalo mwanga hupitia. Hapa waliotunga namba hizi wametuchanganya: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kwa majengo chagua 8.

Ya tatu ni wepesi, nao huandikwa ISO. Namba 100 ni nzito, inataka mwanga mwingi. Namba 3200 ni nyepesi, inatosheka na mwanga kidogo. Kazi ya sekunde 8 kwa namba 100 yaweza kufanywa kwa robo sekunde kwa namba 3200. Utasema basi tutumie 3200 siku zote. Lakini wepesi huo una bei yake. Picha inapata chengachenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Ukiwa na ukuta wa kuweka kamera huna haja ya haraka. Tumia 100.

Anza hivi: ISO 100, tundu 8, sekunde 8. Tazama picha. Ikiwa giza, nenda sekunde 15. Ikiwa nyeupe mno, rudi sekunde 4. Taa za mahali hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo usiziamini namba za mtu mwingine kuliko macho yako. Wale ambao bado wana kamera za filamu wakumbuke kwamba filamu huchoka: muda ukizidi sekunde moja inahitaji kuongezewa muda kuliko hesabu inavyosema.

Simu nyingi hazikuulizi namba hizi. Zina sehemu ya usiku. Ukiichagua, simu hupiga picha nyingi mfululizo, kisha yenyewe huziunganisha kuwa picha moja. Lakini simu nayo haipendi kutikiswa. Iweke juu ya mfuko wako wa mchanga kama kamera kubwa, nawe utaona tofauti. Gusa kioo cha simu mahali penye ukingo wa jengo au taa ndogo, ili simu ijue pa kutazama. Gizani simu hupapasa tu.

Halafu angalia taa kali zilizo karibu. Taa moja ya barabarani ikiingia katikati ya picha huifunika picha yote kwa ukungu. Sogea hatua mbili, uifiche nyuma ya mti au nguzo.

USINGOJE GIZA TOTORO

Watu wengi husikia "picha ya usiku" wakangoja usiku wa manane. Wanachelewa. Usiku wa manane mbingu ni nyeusi na paa la jengo ni jeusi. Hujui jengo linakoishia. Wakati mzuri ni ule mfupi baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado na rangi ya buluu iliyokolea na taa za mji zimekwisha kuwaka. Hapo taa na mbingu hulingana, wala kimoja hakimshindi mwenzake.

Unguja jua huzama kati ya saa 12.10 na saa 12.50 jioni hivi, kufuatana na miezi. Hata kama huna saa, utajua. Adhana ya magharibi ikisikika, jua limekwisha zama. Hesabu robo saa tangu hapo. Sasa anza. Una dakika 15 au 20 tu, kwani kwetu huku karibu na ikweta giza halikawii. Kwa hiyo uwe umekwisha kuchagua mahali pa kusimama, mfuko wako wa mchanga uko ukutani, na kamera iko tayari. Anayefika Forodhani adhana ikiwa inasikika, kisha akaanza kutafuta mahali, atapata mahali na giza pamoja.

Ufuko huu unatazama upande wa machweo. Maana yake ni kwamba ukiyapa maji mgongo, mwanga wa mwisho wa mbingu unatoka nyuma yako na kuangukia kwenye kuta za majengo. Kuta za chokaa huupokea vizuri.

Na mwezi? Mwezi mpevu huchomoza mashariki wakati jua linapozama, yaani nyuma ya majengo. Usiku wa mwezi mpevu, au wa kuamkia huo, unaweza kuuona ukipanda juu ya mapaa wakati mbingu bado ina buluu. Ni picha nzuri sana. Lakini fanya haraka. Mwezi unawaka kwa mwanga wa jua, ni mkali kuliko unavyodhani. Giza likishaingia, ukaacha kijimlango wazi sekunde 8 kwa ajili ya majengo, mwezi utatoka kama tone jeupe tu.

BAHARI NAYO INA RATIBA

Jambo hili wavuvi wanalijua kuliko wapiga picha. Uzuri wa ufuko usiku ni taa kuonekana mara mbili, juu ukutani na chini majini. Ili upate hivyo, maji yawe yamejaa na yatulie.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kutoka mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Unguja hujaa kiasi cha saa 10 jioni. Adhana ya magharibi ikifika, maji yamekwisha anza kutoka kwa kasi. Saa 4 usiku yamekauka. Badala ya taa majini utapiga picha ya mchanga na kamba za vyombo.

Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa kiasi cha saa 4 usiku. Hayaji kwa nguvu na hayatoki kwa nguvu. Jioni yanapanda polepole, ukutani hakuna vishindo. Huo ndio wakati wa kutafuta taa majini. Kwa hiyo, ndugu, mwezi mpevu juu ya paa na maji yaliyojaa usiku haviji siku moja. Chagua unachotaka, kisha muulize mvuvi yeyote siku gani uje. Hatakukosesha.

Unaweza pia kuwageukia bahari na vyombo. Usiku wa giza, pasipo mwezi, wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, na taa hizo zinaonekana mbali kama kijiji kinachoelea. Lakini kumbuka habari ya debe. Chombo kilichotia nanga hakitulii, kinayumba. Katika sekunde 8 ngalawa itakuwa ukungu na taa yake itakuwa uzi uliopindapinda. Wengine wanaupenda uzi huo. Kama unataka ngalawa yenyewe, ipige mapema, mbingu ikiwa bado na mwanga, kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo hiyo usipande mashua ya kukodi ukidhani utapiga picha nzuri ya mji kutoka majini usiku. Mashua inacheza, na mfuko wako wa mchanga unacheza nayo.

Jambo la ajabu ni watu wanaotembea. Mtu akipita mbele ya kamera katika sekunde 15 bila kusimama, mara nyingi haonekani kabisa. Amepita upesi, debe halikupata tone lake. Lakini mkaanga pweza aliyetulia karibu na taa yake ataonekana. Ukitaka bustani yenye watu, punguza muda na ongeza wepesi. Ukitaka majengo bila watu, ongeza muda. Waliojaa pale watatoweka bila kufukuzwa.

MTU KWANZA, PICHA BAADAYE

Kwa habari ya mkaanga pweza, yeye si jengo. Usimwibie picha. Nenda kwake, msalimie, omba.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Naomba nikupige picha na meza yako."

"Waaleikum salaam. Ya nini?"

"Naandika kumbukumbu ya Forodhani. Nitakuletea na wewe moja."

"Piga, mwanangu. Lakini wateja wangu uwaulize wenyewe."

Mzee kama huyu ana haki. Wapo watu hawapendi kupigwa picha wakila, na wanawake wengi hawapendi kupigwa picha bila kuulizwa. Akikataa, ahsante, nenda zako. Ukiahidi kuleta picha, ilete. Pia usizuie wateja kwa miguu ya stendi yako. Yeye yuko kazini, na moto wa mkaa uko karibu.

Usipige picha askari, vituo vya ulinzi, wala majengo ya Serikali yenye ulinzi, bila ruhusa. Bandari ya Malindi haiko mbali na Dispensari ya Zamani. Ukiwa na shaka, muulize mlinzi kabla, si baada. Kama unatembea Mizingani usiku, mwende wawili. Mmoja atazame kamera, mwingine atazame njia.

Hewa ya bahari ina chumvi. Baada ya saa moja tu ukutani, kioo cha kamera kimeshika utando. Kifute kwa kitambaa laini na kikavu kabla ya kila picha. Usiku, kabla ya kulala, futa kamera yote. Chumvi hula chuma cha kamera kama inavyokula mabati ya nyumba za pwani.

ANDIKA NYUMA YAKE

Picha ikikaa ndani ya simu, siku simu itakapoibiwa au kuingia maji, picha imekwenda nayo. Chagua tatu au nne zilizo bora, uzipeleke studio zichapwe kwenye karatasi. Kisha kaa chini na kalamu ya risasi, ile laini. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya na kuharibu picha iliyo upande wa pili. Usibonyeze kwa nguvu.

Katika masanduku mengi ya zamani zimo picha nzuri sana ambazo hakuna ajuaye ni za nani, wala ni za mwaka gani. Mpiga picha alijua, akaona haina haja kuandika. Wewe unajua kusoma na kuandika, basi andika. Maneno machache yanatosha: mahali, ulisimama wapi, tarehe, saa, na jina la mtu aliyekubali kupigwa. Kama ni mzee wa pweza, andika jina lake analotaka liandikwe, si lile la kumtania.

Kwa Beit al-Ajaib ongeza mstari mmoja. Ukikuta uzio, piga na uzio. Ukikuta majukwaa ya mafundi, piga na majukwaa. Usingoje jengo lipendeze. Kisha nyuma ya picha andika hali ya mnara wa saa kama ulivyouona jioni hiyo: haupo, unajengwa, au umesimama.